Sura Isiyo na Kijivu

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha mchana, fupi, kama mtu aliyechungulia mlangoni akaondoka. Nimenunua daftari hili kwa amri ya Fundi. Anasema mpiga picha asiyeandika hurudia kosa lilelile mpaka anazeeka nalo, halafu analiita mtindo wake.

Fundi alikuwa na studio nyuma ya soko, akaifunga simu zilipoanza kufanya kazi yake. Kamera ninayotumia ni yake ya zamani, na kila Jumamosi nampelekea picha azikague kama mwanafunzi anayepeleka daftari kusahihishwa. Mimi si mpiga picha wa riziki. Ni mtunza maabara wa shule: naosha chupa, napima asidi, nafunga gesi. Stoo ya maabara haina dirisha, na mwalimu mkuu ameniruhusu nisafishie filamu zangu humo baada ya vipindi. Walimu wananiita Bwana Kivuli. Nimezoea.

Wananiuliza kwa nini nang'ang'ania nyeusi na nyeupe wakati dunia ina rangi tele. Ukweli ni kwamba nyeusi siipendi sana, wala nyeupe. Nakipenda kilicho katikati, kijivu. Rangi inakuambia kitu ni nini, unaridhika, unapita zako. Kijivu kinakusimamisha. Ukuta uliolowa nusu una vijivu vitano au sita, na mimi naweza kusimama mbele yake mpaka chai inapoa.

La pili la leo ni zito. Dada amemrudisha Mama kutoka kliniki ya macho. Ni presha ya macho. La kushoto lilikwishakufa mwaka juzi. La kulia, daktari anasema matone yanachelewesha tu, na amekadiria mpaka mwisho wa mvua hizi. Mama aliipokea kama habari ya jirani. Alimaliza chai yake, akanigeukia upande ambao siko.

"Watu wote wananiambia mwanangu anapiga picha, na mimi sijaona hata moja. Nionyeshe moja kabla sijafunga duka."

Nimemwahidi.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Sikupiga kitu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimempelekea Fundi picha ya ngazi za shule baada ya mvua, ukubwa wa sinia. Aliishika mbali, akaishika karibu, akaanza kuhesabu kwa kidole: kijivu cha kwanza pale penye maji, cha pili kwenye kingo, hivyo hivyo mpaka kumi na moja. Fundi si mtu wa kusifu. Alisema tu, "Leo umelala usingizi mzuri." Nimerudi nyumbani miguu haigusi chini.

Jumapili, 9 Machi

Nilimwekea Mama picha ya ngazi zangu magotini, karibu na dirisha. Akapitisha kiganja juu yake kama anafuta vumbi. Akasema ni nzuri. Halafu akauliza kama ni ziwa.

Dada alikuwa anakunja nguo. Bila kuinua kichwa akasema kwamba Mama huutazama ukuta kwa uso uleule, na ukuta haujamchosha mtu kuubeba. Dada ana miaka hamsini na mbili. Alikuwa mshonaji, tena mwenye jina, mpaka miaka kumi na moja iliyopita alipoiacha meza yake ya kazi akarudi nyumbani kumtunza Mama. Mikono yake haitulii. Ni mtu mwema, sikatai, lakini jicho la sanaa hana. Hana tu.

Alhamisi, 13 Machi

Duka limebakiwa na filamu mbili. Mwenye duka anasema hataagiza nyingine, kwa sababu wateja wake ni mimi na mashetani. Nimezichukua zote mbili.

Jumanne, 18 Machi

Nimeomba ruhusa kazini nikaenda mwenyewe kwa daktari wa macho. Alikunja karatasi ikawa bomba jembamba, akaniambia niangalie chumba kizima kupitia humo. Niliona bawaba ya mlango. Nikahamisha bomba, nikaona nusu ya kalenda. Ndivyo anavyoona Mama, alisema, na hata hicho kidogo anakiona kimefifia. Picha kubwa kama sinia kwake ni safari.

Nilitembea kurudi kwa mguu, mvua ikininyeshea. Kumbe nilimpa mama yangu ngazi moja moja, tena gizani.

Ijumaa, 21 Machi

Nimechapa ndogo, ya kujaa kiganjani: koti langu likining'inia kwenye kiti. Vijivu vyake ni laini mno, kitambaa unakihisi. Mama aliisogeza hadi puani, akahangaika nayo muda mrefu, akauliza huyu mbuzi amefungwa wapi.

Dada alicheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka, meno nje, moyoni sina raha.

Mama akanipapasa goti. "Baba, viti nimevikalia maisha yangu yote. Nataka sura. Nipigie sura ya mwanangu niione."

Nimeguswa kuliko ninavyoweza kuandika. Natoka asubuhi narudi jioni, na mara ya mwisho kuniona vizuri sikuwa na ndevu. Kinachotakiwa sasa ni jua la siku moja tu.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Ndoo tatu chini ya paa. Ukizisikiliza kwa makini kila moja ina sauti yake, na Mama anajua ipi imekaribia kujaa. Anamwambia Dada, Dada anakwenda kuimwaga.

Jumatano, 2 Aprili

Jua! Limetoka saa nne, jeupe, limeoshwa. Shule imefungwa, kwa hiyo nilikuwa nyumbani. Nikatoa kiti uani, nikaweka kamera juu ya pipa. Ina kidude cha kujipigia, ukikivuta kinahesabu sekunde kumi, nawe unakimbia kukaa kabla hakijamaliza. Nimejipiga filamu nzima, picha thelathini na sita: ubavu, mbele, kidevu juu, kidevu chini. Upande wa kivuli ulikuwa unakuwa mweusi sana, nikamwomba Dada asimame pembeni ameshika shuka jeupe ili mwanga unirudie usoni. Alishika shuka hilo karibu saa nzima. Mara moja aliuliza kama anaweza kushusha mikono, nikamwambia bado kidogo.

Nimeifunga filamu kwa karatasi na kuandika juu yake, kama ninavyofanya kwa zote nisije nikazichanganya: ISAFISHWE KESHO. Nimeiacha mezani.

Alhamisi, 3 Aprili

Ngoja niandike kama ilivyokuwa.

Asubuhi niliitwa shuleni kupokea vifaa vya maabara, nikatoka mbio, filamu ikabaki mezani. Nimerudi saa tisa. Uani kulikuwa na kamba ya nguo, na kwenye kamba kulikuwa na gauni la Mama, mto wa Mama, halafu filamu yangu. Imenyooshwa urefu wake wote, imebanwa kwa vibanio vinne, inameremeta juani. Upepo ulikuwa unaipindapinda taratibu. Kwa sekunde moja niliona inapendeza. Kisha nikaelewa ninachokitazama.

Filamu ambayo haijapita kwenye dawa haitakiwi kuona mwanga hata kama uzi. Hii ilikuwa imetolewa kwenye kasha lake, ikafunuliwa, ikaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na ile sabuni laini ya sweta za Mama, ikaanikwa. Niliipitia kwa vidole mwanzo hadi mwisho. Hakuna sura. Kijivu kimoja kitupu.

Dada alitoka jikoni anajifuta mikono, amefurahi. "Uliandika isafishwe," alisema. "Nikaona umechoka, nikakusaidia."

Ningeweza kucheka. Mtu mwingine angecheka. Sisi tunasema kusafisha filamu, kusafisha picha, na neno hilohilo ndilo la sufuria na bafu, na mimi katika miaka yote hii sijawahi kumpeleka stoo akaona ninafanya nini humo. Lakini hayo nayaandika sasa, nikiwa nimekaa. Pale uani nilimwambia hivi, na nayaandika yote ili yanisute:

"Miaka kumi na moja unajua kufua tu. Chochote kikifika mkononi mwako, unafua."

Alivitoa vibanio kimoja kimoja, akavitia mfukoni mwa aproni. Alipofika cha mwisho akasema hatagusa tena kitu changu. Ndani, Mama alikuwa amenyamaza kwa namna ya mtu anayesikia kila neno.

Jumamosi, 5 Aprili

Chakula changu nakikuta kimefunikwa mezani. Nikiuliza najibiwa. Nisipouliza, nyumba nzima ni ndoo tatu.

Sikwenda kwa Fundi.

Jumatano, 9 Aprili

Mama ameuliza mbona leo kumekucha kwa kuchelewa. Ilikuwa saa saba mchana na taa inawaka.

Jumatatu, 14 Aprili

Dada alitoka kwenda kuchukua matone ya macho, tukabaki Mama na mimi. Akaniuliza nyumba hii imeingiwa na nini. Nikamweleza kila kitu, hata maneno yale, kwa sababu najua aliyasikia. Nilijitetea kidogo: filamu imebaki moja, jua halipo, na sura yake aliyoiomba ndiyo ilipotea kwenye kamba ya nguo.

"Sura ya nani?"

Yangu, nikamwambia. Si uliomba sura ya mwanao.

Mama alitikisa kichwa polepole. "Nilisema mwanangu. Wewe ndiye uliyesikia wewe."

Kisha akanieleza, bila ukali, na hilo ndilo lililoniumiza. Mimi ni sauti inayoingia asubuhi kumwamkia na kuaga. Huyu mwingine anamwogesha, anamvalisha, anamkata kucha, anamtia matone. Mikono ya huyu anaijua kuliko yake mwenyewe, lakini sura imemtoka. Akimfikiria anamwona msichana mwenye utepe wa kupimia shingoni, na anajua kabisa kwamba si huyo tena. "Sitaki kuingia gizani na mtu nisiyemjua," alisema.

Mchana nimelifungua sanduku langu la picha. Nimehesabu. Mia tatu na kumi na mbili. Ngazi arobaini na kitu. Kuta, madimbwi, viti, paka wa mwalimu wa hesabu. Dada hayumo. Katika moja ya ukuta wa uani, pembeni kabisa, kimeingia kiwiko chake, na nyuma ya picha nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe: kosa, kuna kitu kimeingia.

Jumapili, 20 Aprili

Nimemwomba akae nimpige picha. Alikuwa anapanga nguo kabatini.

"Tafuta ukuta," akasema.

Jumanne, 22 Aprili

Nilijikaza kisabuni, nikamwomba tena, si picha safari hii. Nilimwomba aje shuleni aone. Mke wa jirani akakubali kukaa na Mama. Tulitembea chini ya mwamvuli mmoja, yeye bega moja nje mvuani kwa sababu hakutaka kunisogelea.

Stoo, nikafunga mlango, nikawasha taa nyekundu. Alisimama kati ya rafu za chupa, mkoba kaushika kwa mikono miwili. Nikapitisha mwanga kwenye filamu ya zamani ukaangukia karatasi nyeupe, nikaitia karatasi hiyo kwenye beseni la dawa, nikamwambia aangalie. Kwa muda hakukuwa na kitu, karatasi tupu chini ya maji. Kisha ukuta ukaanza kuja, polepole, bila kutoka popote, nyufa zikafuata, na pembeni kikajitokeza kiwiko.

Nilimsikia akivuta pumzi. "Kiwiko changu hicho."

Nikasema ni chako. Nikasema nisamehe, Dada. Nilikosea kuandika nilivyoandika, na nilikosea zaidi kwa mdomo. Nikabaki natikisa beseni.

Aliinama karibu mpaka nywele zake zikakaribia dawa. Alikaa hivyo muda mrefu, mwanga mwekundu mgongoni. "Kwa hiyo hii ndiyo kusafisha kwenu," alisema hatimaye. "Mmekosea neno. Hii mnaiamsha."

Tulirudi wote wawili ndani ya mwamvuli.

Jumatatu, 28 Aprili

Filamu ya mwisho. Jua hakuna, nikaamua kutumia mwanga wa mvua unaoingia mlango wa jikoni. Dada alikaa kwenye kigoda kama anayesubiri kung'olewa jino. Mikono yake ikiwa haina kazi, uso nao unakufa. Nikamletea mkebe wake wa vifungo na sindano, nikamwambia ashone chochote. Akatulia. Nilipiga kumi, kumi na tano, zote kainamisha kichwa. Ndipo Mama akakohoa chumbani. Dada akainua uso kusikiliza kama kikohozi hicho kinamhitaji, macho wazi, uzi mdomoni. Nikabonyeza.

Jumamosi, 3 Mei

Fundi aliiangalia ile ya uzi mdomoni. Alianza kuhesabu vijivu, akafika kwenye shavu, akaacha. Alivua miwani. "Hii ndiyo picha yako," alisema. "Ukifa kesho, watu watajua ulikuwepo."

Nikamweleza ninachotaka kuifanya: kuondoa vijivu vyote, ibaki nyeusi na nyeupe tupu, Mama aweze kuiona. Akakasirika kweli, akasema kijivu cha uso ule ni umri wa mtu, nikikiondoa nitakuwa nimeua. Akanipa kisogo mpaka nilipoaga.

Jumapili, 4 Mei

Nilimjaribu Mama kwa picha ile kama ilivyo, nzima, yenye kila kitu. Aliisogeza huku na huku mbele ya tundu lake la kuonea. Aliona doa.

Jumamosi, 10 Mei

Juma zima nimekuwa nikiinakili. Unaweka picha juu ya karatasi mpya, unapitisha mwanga, inatoka kinyume: nyeupe imekuwa nyeusi. Unaigeuza tena kwa njia hiyo hiyo. Kila ikigeuka vijivu vinapungua, vya karibu na nyeupe vinakwenda weupeni, vya karibu na nyeusi vinazama. Ya kwanza iliondoka na ulaini wa shavu. Ya pili ikachukua kivuli cha shingo, ambacho nilikuwa nakipenda kuliko vyote. Niko stoo naondoa kwa mkono wangu mambo niliyojifunza kwa miaka saba. Nafanya polepole. Kuna wakati Dada aliye kwenye beseni ananitazama kama anayeniuliza nitaacha lini.

Alhamisi, 15 Mei

Mama amemimina chai pembeni ya kikombe, akaendelea kumimina. Dada aliusogeza mkono wake. Daktari amesema tusitegemee kumaliza mwezi. Roho iko juu. Nimebakiwa na karatasi nne.

Jumapili, 18 Mei

Mvua imeacha kwenye saa tatu. Nilikuwa na picha mfukoni tangu jana: ndogo ya kiganja, nyusi, macho mawili, ukingo wa pua, mdomo, mikunjo miwili mirefu, mmoja kila upande wa mdomo, basi. Nyeusi tii juu ya nyeupe pe. Fundi angeiita bango la dukani.

Tulimkalisha Mama mlangoni. Dada alisimama nyuma yake, mikono ndani ya aproni. Nikaiweka picha mkononi mwa Mama na nikawasha taa ya meza juu yake.

Aliisogeza. Ikapita kushoto, ikapita kulia. Nikaona vidole vyake vimesimama.

"Jicho," alisema. Akahama kidogo. "La pili hili." Akateremka taratibu, ule mwendo wa mtu anayeshuka mahali asipopajua, akafika mdomoni, akarudi juu. Dakika nzima ilipita, labda mbili.

"Huyu ni mama yangu," akasema. "Umempata wapi?"

Bibi alikufa kabla sijazaliwa, na picha hakuwahi kupigwa. Nilifungua mdomo, lakini Dada aliwahi.

"Ni mimi, Mama."

Mama hakugeuka. Aliipitisha tena picha mbele ya jicho, kipande kwa kipande, na safari hii alisimama muda mrefu kwenye ile mikunjo miwili. Akanyoosha mkono nyuma bila kuangalia, akaushika uso wa Dada, akautafuta mkunjo kwa kidole gumba, wa kulia, halafu wa kushoto, huku mkono mwingine bado umeshika picha. Alikuwa analinganisha.

"Umezeeka," alisema. "Umezeeka humu ndani, mwanangu, na mimi kila siku nakutuma kama msichana."

Dada alipiga magoti pale pale. Kwa miaka kumi na moja sijamwona akilia, na sasa alilia kwa sauti, kichwa kwenye mapaja ya Mama, mikono imelegea pembeni haina kazi yoyote. Mama alimfunika kichwa kwa kiganja. Akaendelea kutazama picha.

Baadaye Dada alijaribu kuinuka, akasema maji yako motoni na chakula bado. Mama alimkandamiza akae.

"Wewe," akaniambia mimi, "nenda kapike."

Nikaenda jikoni. Maji yalikuwa yanachemka. Nimefungua makopo yote juu ya rafu, moja baada ya jingine, nikitafuta chumvi ya nyumba niliyoishi maisha yangu yote, na nimeona haya kuuliza iko wapi.